Usiitupe kompyuta ya mezani kabla hujaitazama soketi yake

Kompyuta nyingi za mezani zinazofanya kazi katika stesheneri, shule na ofisi ndogo za Dar es Salaam, Mombasa au Kampala zilianza maisha kwingine. Zilinunuliwa kwa mamia na kampuni au halmashauri fulani ya Ulaya, zikakaa chini ya meza za makarani kwa miaka michache, kisha zikaondolewa zote kwa mpigo na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa mitumba. Ndiyo maana ukiulizia kompyuta ya bei nafuu mtaani utaletewa Dell OptiPlex au HP Compaq yenye kasha jeusi, na mara nyingine stika ya namba ya mali ya mwajiri wa kwanza bado imeng'ang'ania ubavuni.

Asili hiyo ina faida yake kwa anayetaka kuongeza umri wa mashine. Ofisa manunuzi anayeagiza kompyuta mia tano hanunui prosesa kali. Ananunua inayotosha barua pepe na majedwali ya hesabu. Mtengenezaji naye hawezi kubuni ubao mama mpya kwa kila prosesa anayoiuza, hivyo mashine ya karani na ya mkuu wa idara hutoka na ubao uleule wenye soketi ileile. Kompyuta iliyokuja na prosesa ya chini katika familia yake basi imebeba nafasi ya kupokea ile ya juu, nafasi ambayo mwenye mashine wa kwanza hakutaka kuilipia. Leo prosesa hizo za juu zinang'olewa kwenye mashine zilizokufa na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya zamani.

Tuchukue mfano mmoja, maana habari za prosesa zikielezwa kijumla hazimsaidii mtu. Dell OptiPlex 790 ni ya mwaka 2011. Prosesa zake ni za kizazi cha pili cha Intel Core, kilichoingia sokoni Januari mwaka huo, na zinakaa kwenye soketi iitwayo LGA 1155. Namba hiyo ndiyo idadi ya sindano ndogo za mguso zilizomo ndani ya soketi. Ukiikuta na Core i3-2100, umepata viini viwili, kasi ya gigahezi 3.1 na megabaiti 3 za kumbukumbu ya ndani ya prosesa. Ubao huohuo unapokea Core i7-2600, yenye viini vinne vinavyoweza kubeba kazi nane kwa mkupuo, kasi ya gigahezi 3.4 inayopanda hadi 3.8 kazi ikizidi, na megabaiti 8 za kumbukumbu ya ndani. Intel iliiuza i7 hiyo kwa takriban dola 294 ilipotoka.

Tofauti utaiona wapi? Ukiandika barua na kuichapa hutaiona kabisa. Utaiona ukifungua kivinjari. Kurasa za siku hizi zimejaa programu ndogondogo zinazotembea nyuma ya maandishi, na kila tabo unayoiacha wazi inadai sehemu yake. Video nazo zina kisa chao. YouTube hupendelea kutuma picha zake kwa mfumo wa VP9, na vitengo vya picha vya kompyuta za mwaka 2011 havikutengenezwa kuufungua mfumo huo. Mzigo wote unaangukia prosesa. Yenye viini viwili inafika asilimia mia moja, feni inaanza kupiga kelele, video inakatakata, na mwenye mashine anaulaumu mtandao. Yenye viini vinne inaimudu kazi hiyo na bado inabaki na nafasi ya mengine. Isitoshe, i3-2100 haina maelekezo ya AES ya kusimba data, ambayo i7-2600 inayo, na karibu kila tovuti unayoifungua leo inakuja imesimbwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanasikia kwamba i7 ni kali, wanainunua, wanaifunga, kisha wanashangaa kompyuta bado inachukua dakika nzima kuwaka. Sababu ni diski. Diski kuu ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, inaweza kutimiza maombi madogo kama mia moja hivi kwa sekunde, kwa sababu mkono wake unasafiri huku na huku kutafuta data. SSD ya kawaida, ambayo haina kinachozunguka, inatimiza makumi ya maelfu. Kuweka i7 juu ya diski ya zamani ni kuajiri mpishi hodari halafu umchotee maji kwa kijiko. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye SSD, hata ya gigabaiti 240, na ya pili kwenye RAM mpaka ifike angalau gigabaiti 8. Prosesa ni ya tatu. Fundi anayeanza na prosesa kabla hajakuuliza una diski gani, mimi simwamini.

Ukishafika kwenye prosesa, kuna mitego, na mtego mkubwa kuliko yote ni soketi yenyewe. Watu hudhani kwamba kinachoingia ndicho kinachofanya kazi. Mwezi Aprili 2012 Intel ilileta kizazi cha tatu, chenye prosesa kama i7-3770, kwenye soketi ileile ya LGA 1155. Kwa mkono unaipachika kwenye OptiPlex 790 bila shida yoyote. Ukiwasha, hupati picha. Ubao wa 790 umejengwa juu ya chipseti (chipu zinazoiunganisha prosesa na vifaa vingine) ya Q65, na Intel yenyewe ilisema kwamba Q65, Q67 na B65 hazitakubali kizazi cha tatu. OptiPlex 7010, mdogo wake wa mwaka uliofuata, ina Q77 na inavipokea vizazi vyote viwili. Ukiziweka mashine hizo mbili sakafuni pale dukani, asiye fundi hataona tofauti.

Mwaka 2017 jambo hilo lilirudi kwa namna ya kuudhi zaidi. Prosesa za kizazi cha nane zilitumia soketi LGA 1151, ileile ya kizazi cha sita na cha saba, kwa jina na kwa idadi ya miguso, lakini njia za umeme zilikuwa zimepangwa upya. Ubao wa kizazi cha sita hauiwashi prosesa ya kizazi cha nane. Intel ilieleza kwamba viini vilivyoongezeka vilihitaji umeme zaidi. Inawezekana. Mnunuzi aliyekuwa na ubao wa miaka miwili tu alilazimika kununua mwingine hata hivyo.

Mtego mwingine ni joto. i3-2100 imepangiwa wati 65, i7-2600 wati 95. Bamba la kupozea lililokuja na prosesa ndogo huenda halitoshi kwa kubwa, na likizidiwa, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Unakuwa umelipia i7 inayotembea kama i3. OptiPlex 790 yenye kasha dogo kabisa, lile linaloweza kufichwa nyuma ya skrini, ilipangiwa prosesa za wati 65, kwa hiyo humo itafutwe i7-2600S. Pawasaplai ya wati 240 iliyomo kwenye kasha dogo la kawaida inatosha kwa i7-2600, mradi hukuongeza kadi kubwa ya picha.

Halafu kuna Xeon. Hizi ni prosesa za seva, na baadhi yake zinaingia kwenye soketi za kompyuta za kawaida na kufanya kazi vizuri kwa bei ya chini kuliko i7. Muuzaji akikupa Xeon E3-1230 badala ya i7-2600 hajakuibia kwa upande wa nguvu. Tatizo ni kwamba E3-1230 haina kitengo cha picha ndani yake. Ukiifunga kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, feni zitazunguka, taa itawaka, na skrini itabaki nyeusi. Kuna wateja wamerudisha Xeon nzima wakidhani imekufa.

Mambo ya Xeon yana historia tamu kwenye soketi ya zamani zaidi, LGA 775. Soketi hiyo ilitoka mwaka 2004 na ikabeba kila kitu, kuanzia Pentium 4 zenye joto kali, hadi Core 2 Duo za mwaka 2006, hadi Core 2 Quad. Prosesa maarufu ya familia hiyo ni Core 2 Quad Q6600, yenye viini vinne na gigahezi 2.4. Ilipotoka Januari 2007 iliuzwa dola 851. Ilipofika Julai mwaka huohuo Intel ilikuwa imeishusha hadi dola 266, na wapenda kompyuta wa kizazi kile wanaikumbuka hadi leo. Seva za wakati huo zilitumia soketi LGA 771, na wadadisi waligundua kwamba prosesa zake, kama Xeon E5450 ya gigahezi 3.0, zinatofautiana na za 775 kwa kidogo sana. Miguso miwili tu ilihitaji kubadilishana nafasi. Ikatengenezwa stika ndogo kuliko ukucha ya kubandika chini ya prosesa ili kuihamisha miguso hiyo, na vijino viwili vya plastiki kwenye soketi vikakatwa kwa wembe. Kompyuta ya ofisi ikapata prosesa ya seva. Wauzaji wa China waliigeuza biashara, wakawa wanaziuza zikiwa na stika tayari.

Ni ufundi wa kupendeza, lakini leo singemshauri mtu auingie. Mashine za LGA 775 zimefika mwisho wa njia kwa upande wa Windows. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, linadai agizo la prosesa liitwalo POPCNT, na hakuna Core 2 iliyo nalo. Haliwaki kabisa, hata ukizunguka masharti mengine yote. Kwa mashine ya namna hiyo kilichobaki ni Linux. Linux Mint ikiwa na gigabaiti 4 za RAM na SSD inatosha kwa mtoto wa shule, kwa kuandika na kwa kusoma. Kuitumbukizia fedha ya Xeon ni kuipamba nyumba utakayoihama.

Kulikuwa na wakati watengenezaji wenyewe walihimiza watu wabadilishe prosesa. Mwaka 1992 Intel ilianza kuuza prosesa za OverDrive kwa wenye kompyuta za 486. Uliinunua kwenye boksi, ukaipachika kwenye ubao uliokuwa nao, na ndani yake ilitembea mara mbili ya kasi ya ubao. Mwaka 1995 ikaja Pentium OverDrive kwa mashine hizohizo za 486. Boksi la dukani lenye jina la mtengenezaji, kwa ajili ya kompyuta ya zamani! Baada ya hapo soketi za Intel zikaanza kufuatana kwa haraka: 1155 mwaka 2011, 1150 mwaka 2013, 1151 mwaka 2015, 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021, 1851 mwaka 2024. Kila mara ubao wa zamani unabaki na vizazi viwili vya prosesa, mara chache vitatu.

AMD imekwenda njia nyingine, na hapa inastahili sifa. Soketi yake ya AM4 ilipokea prosesa za kwanza za Ryzen Machi 2017. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliruhusu hata mbao mama za mwanzo kabisa za AM4 zipokee Ryzen za mfululizo wa 5000, baada ya kusasishwa BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta. Aliyenunua Ryzen 3 1200 yenye viini vinne mwaka 2017 anaweza kuiondoa leo na kuweka Ryzen 5 5600 yenye viini sita vinavyobeba kazi kumi na mbili, bila kubadilisha ubao, RAM wala kasha. Mashine hizi zimeanza kuonekana kwenye mitumba. Ukikuta mbili kwa bei inayokaribiana, moja ya AM4 na nyingine ya Intel ya wakati huohuo, chukua ya AM4.

AM4 ina faida nyingine inayozidi kasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 ina orodha ya prosesa inazozikubali. Kwa Intel, ukiacha prosesa chache, orodha inaanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 zimo na za 1000 karibu zote zimeachwa nje. Mwenye AM4 basi akibadilisha prosesa anavuka mstari na kuingia Windows 11 kihalali, mradi ubao wake umewashwa ulinzi wa TPM 2.0. Mwenye Intel ya kizazi cha saba kurudi nyuma hana prosesa ya kununua itakayomvusha. Core i7-7700 ya mwaka 2017, yenye viini vinne na kasi ya gigahezi 3.6, imekataliwa, wakati Celeron N4000 ya kompyuta mpakato za bei ya chini, yenye viini viwili na gigahezi 1.1, imekubaliwa. Atakayenieleza kwamba uamuzi huo ulitokana na nguvu ya mashine atakuwa na kazi kubwa.

Mafundi wanajua njia za mlango wa uani za kuiweka Windows 11 kwenye mashine zilizokataliwa, na i7-2600 inaikubali bila manung'uniko mengi. Nyumbani sioni ubaya mkubwa. Kwenye mashine inayotunza hesabu za wateja au nywila za benki ni hatari, kwa sababu Microsoft haijaahidi kwamba masasisho ya usalama yataendelea kufika. Na mwenye stesheneri anayeishi kwa CorelDRAW na Photoshop hawezi kuhamia Linux kesho asubuhi. Huyo ahesabu kwamba prosesa inamnunulia miaka michache, na aanze kuweka akiba.

Kazi yenyewe ya kubadilisha haimalizi saa moja, ila ina pahala pawili pa kuharibu kila kitu. Pa kwanza ni BIOS. Mara nyingi lazima isasishwe kabla prosesa mpya haijaingia, ubao ukiwa bado na ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, ubao unaweza kufa palepale, na sote tunajua umeme wetu. Isifanyike bila UPS yenye betri nzima. Pa pili ni soketi. Kwenye Intel, sindano za mguso ziko kwenye ubao, nyembamba kama nywele, na moja ikipinda kompyuta haiwaki au inapoteza nusu ya RAM. Prosesa inawekwa kwa kulazwa, bila kusukumwa. Kwenye AM4 sindano ziko chini ya prosesa, na kosa la kawaida ni kuvuta feni kwa nguvu wakati pesti ya joto imekauka, prosesa ikang'oka nayo na sindano zikapinda. Mashine iachwe ifanye kazi kwa muda ili pesti ilainike, izimwe na kuchomolewa umeme, kisha feni izungushwe polepole kulia na kushoto kabla ya kuinuliwa.

Pesti mpya ni lazima. Tone la ukubwa wa punje ya mbaazi linatosha. Ile ya zamani ifutwe kwanza kwa spiriti. Ukiona fundi anarudisha bamba juu ya pesti kavu, msimamishe.

Kwa wanaonunua umeme wa kulipia kabla, kama wa LUKU, kuna hesabu nyingine. Kompyuta ikitulia, i7 na i3 za kizazi kimoja hazitofautiani sana kwa ulaji. Tofauti inakuja wakati wa kazi nzito, na wakati huo UPS ndogo iliyokuwa ikikupa muda wa kutosha kuhifadhi kazi yako inaisha upesi zaidi.

Na taka? Ripoti ya dunia kuhusu taka za kielektroniki ilikadiria kwamba mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62, na zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za namna hiyo zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijavushwa mpaka. Ni hatua nzuri. Lakini OptiPlex ambayo tayari iko Kariakoo haitarudi ilikotoka, kwa hiyo kila mwaka unaoiongezea ni mwaka ambao haiko jalalani.

Msimamo wangu ni huu. Mashine ya LGA 775 usiitilie fedha ya prosesa. Ya LGA 1155 au 1150 iliyokwisha kupata SSD na RAM, na bado ina viini viwili, ibadilishie prosesa mara moja tu, uende moja kwa moja kwenye ya juu inayokubalika, na usifike mahali ambapo jumla ya gharama inakaribia bei ya mtumba wa kizazi cha nane. Ya AM4 ibadilishie bila kusita.

Siku ya kulipa, usiondoke dukani mashine ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Mwambie fundi aiwashe mbele yako, afungue programu ya bure iitwayo CPU-Z, na usome mwenyewe jina la prosesa na idadi ya viini. Kisha fungua video mbili kwa pamoja na uiache kwa nusu saa huku ukisikiliza feni. Jina likiwa tofauti na mlilokubaliana, au mashine ikizima yenyewe, dai prosesa ya zamani irudishwe na fedha yako uondoke nayo.